Mwembe umeanza kukaukia juu: je, tuukate kichwa?

SWALI: "Uani kwetu kuna mwembe alioupanda marehemu baba, sasa una zaidi ya miaka 35. Ni mkubwa, kivuli chake kinafunika karibu ua wote. Tangu mwaka jana matawi ya juu kabisa yanakauka, majani yamekuwa madogo na machache, na yale ya chini yana weusi kama masizi. Kwenye shina kuna tundu la siku nyingi, mkono unaingia hadi kiwiko, na sasa mchwa wamejenga njia zao za udongo juu ya gome. Miaka mitatu iliyopita tulitandika matofali ya zege uani ili kuondokana na tope. Mafundi walikaa kama mwezi mzima chini ya mti huo, na mizizi iliyokuwa imejitokeza tuliifukia vizuri kwa udongo. Mzee jirani yetu anashauri nikate kichwa chote uchipue upya, nizibe tundu kwa saruji na nipigilie misumari kwenye shina. Mwingine anasema nimwage mbolea nyingi na dawa ya mchwa. Sitaki kuupoteza mti huu, lakini watoto wanacheza chini yake. Nianze na lipi?"

JIBU: Pole kwa wasiwasi, na asante kwa kueleza kwa kina. Wengi huniandikia "mti wangu unaumwa, dawa gani?" na swali limeishia hapo. Wewe umenipimia hadi kina cha tundu.

Umetaja matatizo manne: matawi yanayokauka, masizi, tundu na mchwa. Yote yako juu ya ardhi, mahali macho yanapofika. Mimi nimekwama kwenye sentensi mbili ulizozipita haraka kama habari ya pembeni: matofali ya zege, mafundi mwezi mzima, mizizi kufukiwa. Ningeruhusiwa kusoma sentensi mbili tu za barua yako, ningechagua hizo. Kwa hiyo weka shoka chini kwanza, na ule mfuko wa mbolea uuache ulipo.

Utaniuliza: matofali ni ya miaka mitatu iliyopita, mti umeanza kuugua mwaka jana, vinahusianaje? Miti mikubwa ndivyo ilivyo. Mti wa umri huo una akiba. Ndani ya shina na mizizi umehifadhi wanga, na mizizi ikiumia leo, mti unakula akiba hiyo kimya kimya msimu huu na msimu ujao, majani yakiwa bado ya kijani. Akiba ikianza kuisha ndipo nawe unaona. Miti iliyoumizwa na ujenzi huweza kuonyesha dalili baada ya miaka miwili, mitatu, hata mitano au zaidi. Wakati huo mafundi wameshasahaulika na lawama zote zimemwangukia mchwa.

Tuanze na mizizi basi, maana hapo ndipo wengi tunapoukosea mti. Tumezoea kudhani kwamba mizizi ni mti mwingine uliopinduliwa: matawi yalivyopanda, ndivyo mizizi ilivyozama. Sivyo. Chukua bilauri yenye mguu, isimamishe katikati ya sinia pana. Hiyo ndiyo sura ya mti uliokomaa. Mwembe uliooteshwa kwa kokwa huwa na mzizi mkuu unaozama sana, hilo ni kweli, na unausaidia kusimama na kutafuta maji ya chini wakati wa ukame. Lakini mizizi inayoulisha, ile myembamba kama nywele, sehemu yake kubwa imo ndani ya sentimita 30 hadi 60 za juu, na inatambaa mbali kupita pale ambapo kivuli cha saa sita mchana kinaishia. Ua wako wote ulikuwa sinia ya mti huo. Ndiyo sinia mliyoifunika.

Na mizizi haikai juu juu kwa kupenda mbolea tu. Inakaa huko kwa sababu inapumua. Watu hushangaa nikisema hivyo. Mzizi hauna jua wala majani. Unachoma sukari iliyoteremshwa kutoka juu, na ili kuichoma unahitaji oksijeni kama mimi na wewe. Oksijeni hiyo hupita kwenye vijitundu vilivyo kati ya chembe za udongo. Udongo mzuri karibu nusu yake ni nafasi hizo, hewa na maji vikipokezana humo. Ukiukanyaga udongo ukashikamana, zile nafasi kubwa ndizo zinazosagika kwanza, na ndizo zilizokuwa zikipitisha hewa na kuyazamisha maji ya mvua.

Sasa ufikirie ule mwezi wa mafundi. Fundi mwenye akili hufanya kazi kivulini, hata mimi ningefanya hivyo. Basi mchanga unamwagwa chini ya mti, kokoto chini ya mti, zege linachanganywa chini ya mti, toroli linapita hapo hapo kutwa nzima, na jioni karai na koleo zinaoshwa na maji yake kumwagwa shinani. Kisha ardhi inashindiliwa makusudi, kwa kuwa matofali hayatulii juu ya udongo uliolegea. Kazi iliyofanywa vizuri kwa upande wa fundi ni kifo kwa upande wa mzizi. Na yale maji ya saruji huongeza ualkali kwenye udongo. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma yanajifunga, yapo lakini mzizi hauwezi kuyafyonza. Hebu yatazame majani machanga. Ukiona yamekuwa ya njano huku mishipa yake imebaki ya kijani, hiyo ni mojawapo ya alama zake.

Mizizi mliyoifukia nayo inanipa mashaka. Mti wenye afya hauingii ardhini wima kama nguzo. Ukifika chini shina hutanuka, kama mguu wa tembo, kabla ya kugawanyika kuwa mizizi mikubwa. Gome la sehemu hiyo liliumbwa kukaa hewani. Likifukiwa na udongo wenye unyevu hulainika, huoza pole pole, na vimelea vya kuvu vikapata mlango. Tena mti hujaribu kujiokoa kwa kuotesha mizizi mipya ndani ya ule udongo wa juu, na baadhi ya mizizi hiyo huzunguka shina badala ya kwenda nje. Miaka ikipita, mzizi na shina vyote vinanenepa, mpaka mti unajinyonga kwa mkono wake wenyewe.

Kwa nini basi kilio kinaonekana kileleni, wakati kidonda kiko miguuni? Kwa sababu maji husafiri kutoka mzizini hadi jani la mwisho kwa kuvutwa. Jani linapotoa mvuke huvuta uzi wa maji ulio nyuma yake, na kadiri jani linavyokuwa juu na mbali ndivyo uzi unavyokuwa mrefu na mwepesi kukatika. Mizizi ikipungua, mti hauwezi tena kuhudumia kichwa chote. Unaacha kile kilicho ghali zaidi, yaani ncha za juu, na kupeleka kidogo kilichopo kwenye matawi ya karibu. Wewe unaona mti unaokufa. Mimi, kwa jinsi ulivyoeleza, naona mti unaopunguza matumizi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mzee wako, kwa heshima zote. Anachosema hakikutoka hewani. Wakulima wa maembe huzifufua bustani kuukuu kwa kukata matawi makubwa, na mwembe huchipua kwa urahisi kuliko miti mingi. Lakini miti ile ina mizizi mizima, hukatwa kwa mpango, machipukizi hupunguzwa na kuongozwa kwa misimu kadhaa, na lengo ni matunda. Wako una njaa. Majani ndiyo jiko lake, na ukikata kichwa chote umevunja jiko la mtu mwenye njaa ukitegemea apate nguvu. Utachipua, ndiyo. Utachipua kwa fujo, kwa akiba ile ile ya mwisho, na watu watakupongeza. Tatizo ni kwamba machipukizi hayo hutoka kwenye vichomozo vilivyojificha chini ya gome, na yameshikwa na tabaka jembamba la nje tu, si kama tawi la asili ambalo mbao zake zilifumana na za shina mwaka baada ya mwaka. Yakifika unene wa mguu wa mtu mzima, upepo mmoja unayachomoa kama jino bovu. Huko chini visiki vya matawi, ambavyo ni vinene mno kufunikwa na gome, vitakuwa vinaoza. Kwa nyumba yenye watoto wanaocheza uani, kukata kichwa leo ni kuweka akiba ya hatari ya miaka kumi ijayo.

Hapa nina jambo la kukiri. Nilipoanza kazi hii ya kutunza miti nilikuwa naona fahari kukata tawi sawasawa na shina, pakabaki bapa kama ubao uliopigwa randa, kisha nikapaka rangi. Wateja walipenda sana. Kuna mti mmoja nilioufanyia hivyo matawi matatu. Niliporudi baada ya miaka michache, rangi ilikuwa bado inang'aa, nikagonga kwa kiganja na sauti ikarudi kama ngoma. Nyuma ya rangi palikuwa pameoza, unyevu umefungiwa humo. Nilikuwa nimekata kile ambacho sikupaswa kugusa.

Aliyetufumbua macho wengi wetu ni Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, ambaye alipasua maelfu ya miti kwa urefu, kwa msumeno wa mnyororo, ili aone uozo unavyosafiri ndani. Alichokieleza, na kukichapisha mwaka 1977, ni kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu inavyopona. Mti haurudishi mbao zilizokufa. Unajenga kuta za kikemia kuzunguka kidonda, unakitenga, kisha unaendelea kuota mbao mpya kwa nje. Kidonda cha miaka 20 iliyopita bado kimo ndani, kimefungiwa chumbani. Na pale tawi linapotoka shinani pana uvimbe kama pete ya ngozi. Sisi mafundi wa miti huuita shingo ya tawi. Humo ndimo mti unamojengea ukuta wake imara kuliko wote. Ukikata nje kidogo ya shingo, mti unafunga mlango. Ukiikata shingo, umeng'oa mlango pamoja na fremu.

Ukielewa hilo, habari ya tundu na saruji inajijibu. Tundu la kina cha kiwiko ni chumba ambacho mti ulishakijengea kuta. Zamani hata wataalamu walizoea kukwangua uozo na kujaza zege, kama daktari wa meno. Tukaacha, kwa sababu kila ukikwangua hadi kufikia mbao nzima unabomoa ule ukuta, na uozo unapata njia ya kwenda mbele. Isitoshe mti hupepea, zege halipepei. Linasuguana na mbao, linatunza maji, na siku ya kuuangusha linavunja meno ya msumeno na huenda likamwumiza mtu. Acha tundu wazi. Usitoboe shimo la kutolea maji pia, kosa ni lile lile. Mti wenye uwazi ndani si lazima uwe dhaifu, kwa kuwa nguvu ya shina iko zaidi kwenye mzingo wa nje, kama bomba. Swali la maana ni ukuta uliobaki una unene gani, na hilo nitalirudia nikifika kwa watoto.

Misumari sitaitumia maneno mengi. Haitibu kitu, kila msumari ni kidonda kipya ambacho mti utalazimika kukijengea kuta. Mti ulioumizwa wakati mwingine hukurupuka kuchanua, na nadhani ndiko sifa ya misumari ilikotoka. Ila usiing'oe iliyokwisha kuzama. Na kama baba aliwahi kupigilia msumari enzi zake, nenda kautafute: utaukuta kwenye kimo kile kile alichouacha, kwa sababu mti hurefuka kwenye ncha tu, shina halipandi juu.

Mchwa nao wanaonewa. Wengi wao hula mbao na gome lililokufa. Zile njia za udongo ni barabara za kufunika mgongo tu, wakielekea kwenye vitu vikavu: tawi lililokufa, uozo wa ndani ya tundu, maganda makuukuu ya nje. Bandua sehemu ya njia kwa kijiti, kisha kwangua gome lililo chini yake kwa ukucha. Ukikuta kijani au weupe wenye majimaji, mti uko hai hapo na mchwa wanapita. Ukikuta pakavu, rangi ya kahawia, panamomonyoka, basi mbao zilikufa kwanza, mchwa wakafuata. Kuna aina za mchwa zinazoweza kuushambulia hata mti hai, hasa ukiwa mdogo au umedhoofika kama huu, kwa hiyo sisemi uwapuuze. Nasema kuimwagia ardhi sumu ni kuua pia wale viumbe wadogo ambao ndio tutawahitaji wailegeze. Usimwage chumvi wala mafuta machafu ya gari, tafadhali. Nimeona vyote viwili, na mara zote mti uliondoka kabla ya mchwa.

Masizi ni jambo jepesi kuliko yote. Pitisha kidole chenye mate juu ya jani. Weusi ukifutika, huo ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu yanayodondoshwa na wadudu wafyonzaji walioko matawi ya juu zaidi, kama vidugamba na vidung'ata. Ukungu hauli jani, unalinyima jua kidogo tu. Tazama kama kuna safu za sisimizi zinazopanda na kushuka: hao huwalinda wafyonzaji kwa ajili ya utamu wao, na huwafukuza wadudu ambao wangewala. Kuyapogoa matawi yanayogusa ukuta au paa, ili sisimizi wakose daraja, husaidia kuliko kupuliza dawa kwenye mti wa kimo hicho, dawa ambayo nusu yake itakurudia usoni.

Mbolea, sasa. Naelewa inavyoshawishi, mgonjwa akionekana dhaifu unataka kumlisha. Lakini mbolea ya viwandani ni chumvi. Ukiimwaga nyingi juu ya mizizi iliyobanwa, inavuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyapeleka. Na ile ya kukuza majani inausukuma mti uchipue majani laini ambayo mizizi haiwezi kuyahudumia, na ambayo wafyonzaji wako watayafurahia mno. Kwa mwaka wa kwanza, hapana. Baadaye, ukipeleka sampuli ya udongo kupimwa na ikaonekana kuna upungufu, tutazungumza.

Basi kazi yenyewe. Anza shinani, kwa mikono na kijiti, si kwa jembe. Ondoa ule udongo mlioufukia, taratibu, mpaka uone shina linapotanuka na mizizi mikubwa inapoanza. Ukikuta vijizizi vyembamba vilivyoota ndani ya udongo huo vikizunguka shina, vikate. Ukikuta mzizi mnene kuliko kidole gumba umeshalikumbatia shina, usiukate peke yako, maana huenda ndio unaoubeba mti kwa sasa. Gome ulilolifunua litaonekana la rangi nyingine na laini kidogo. Liache likauke. Usipake chokaa hapo wala popote. Chokaa ina kazi yake ya kukinga gome lisiungue pale ambapo shina limeachwa wazi juani ghafla, na wako bado una kivuli.

Kisha matofali. Hapa najua nagusa kitu mlichokigharimia. Habari njema ni kwamba mmetandika matofali, hamkumwaga zege zima, kwa hiyo yanang'oka na kutumika tena. Kama mnaweza kuyaondoa yote yaliyo chini ya kivuli, fanyeni hivyo. Kama haiwezekani, ondoeni duara la mita mbili au tatu kutoka shinani, na zaidi ya hapo fungueni mistari inayokwenda nje kama mishale ya gurudumu, mkiacha njia za kupita katikati. Si sawa na kufungua kote, lakini mizizi itafuata mistari hiyo. Mng'oe kwa mkono. Mtu akitaka kuleta mashine, au kuchimba ili kulegeza udongo, mkatalieni: jembe litakata mizizi ile ile tunayotaka kuiokoa. Ardhi iliyo wazi itobolewe kwa uma wa bustani au nondo, kina cha shibiri moja na nusu, tundu baada ya tundu, na ukigusa mzizi mgumu usogee pembeni.

Juu yake tandaza majani makavu, hata ya mwembe huo huo mliyokuwa mkiyafagia na kuyachoma kila asubuhi. (Kila ninapoona ua uliofagiliwa hadi ukang'aa chini ya mti mkubwa, namsikitikia mti. Ule uchafu ni chakula chake cha kesho.) Unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha, na uache nafasi ya kiganja na zaidi kati ya matandazo na shina. Watu wengi huyarundika kama kichuguu kwenye shina, na hapo umerudia kosa lile lile la udongo. Chini ya matandazo ardhi inabaki na unyevu, nyungunyungu wanarudi, nao watailegeza miaka yote bila kukudai kitu.

Maji: mengi kwa siku moja, kisha pumzisha. Kunyunyizia kidogo kila jioni kunalowesha vumbi tu. Wakati wa ukame acha mpira utiririke pole pole, ukiuhamisha kutoka sehemu moja hadi nyingine, zaidi kuelekea ukingo wa kivuli kuliko shinani. Kesho yake chomeka nondo nyembamba. Ikizama sentimita 30 bila kusukumwa kwa nguvu, maji yamefika. Ikigoma kwenye sentimita 10, ongeza muda, si idadi ya siku. Rudia wiki mbili au tatu baadaye, kulingana na ardhi inavyokauka. Na ukichimba kishimo cha majaribio uunuse udongo wake. Udongo hai una harufu ya mvua ya kwanza. Ukinuka yai viza, au ukiwa na madoa ya kijivu na buluu, maji yanasimama humo na hewa haipo. Hapo usimwagilie kabisa mpaka ukae wazi na kupumua.

Matawi makavu yaondolewe, hayo hayana hasara kwa mti. Ya hai yasiguswe mwaka huu, isipokuwa kama limevunjika au ni yale ya daraja la sisimizi. Tawi kubwa hukatwa kwa mara tatu: kwanza kwa chini, hatua moja kutoka shinani, usifike katikati, kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila kuchana gome, mwisho kile kisiki kilichobaki, nje tu ya ile shingo. Usipake chochote. Vaa mikono mirefu, kwa sababu utomvu wa mwembe huunguza ngozi za baadhi ya watu. Ni ukoo mmoja na mkorosho, na wote wana ukali huo. Ukiona mmea wa majani tofauti umejishika tawini na kunyonya, yaani kirukia, kata tawi lenyewe chini ya ulipojishika, kwa kuwa ukiuchuna tu utarudi.

Sasa watoto. Hapa sitaki ufuate barua, nataka mtu aje. Matawi makavu ya juu yanaweza kuanguka siku isiyo na upepo wowote, kwa hiyo kuanzia leo wacheze upande mwingine hadi yatakapokuwa chini, na bembea kama ipo ishuke. Lile tundu lipimwe na anayejua, kwa kugonga kwa nyundo ya mbao kulizunguka shina na, ikibidi, kwa kifaa. Kanuni ya jumla tunayoanzia ni kwamba ukuta mzima uliobaki uwe angalau theluthi moja ya umbali wa kutoka katikati ya shina hadi ukingoni, ingawa tundu lililofunguka upande mmoja hudai zaidi ya hapo. Na usisubiri hata wiki ukiona uyoga au kitu kigumu kama rafu kinaota kwenye kitako cha shina, ardhi imeinuka au kupasuka upande mmoja, mti umeinama kuliko ulivyokuwa, au kuna ufa unaoshuka kutoka kwenye panda. Dalili hizo ni za mti unaoweza kuanguka wote, na hakuna matandazo yatakayouzuia. Kama nyaya za umeme zinapita karibu, asipande mtu mpaka wenye umeme waje.

Kumchagua huyo mtu, msikilize anaanzaje. Akitazama chini kwanza, akauliza mlichojenga na lini, mkaribishe. Akianza na bei ya kukata kichwa kabla hajafika shinani, mpe maji ya kunywa na umuage.

Siwezi kukuahidi kwamba mti utapona. Inategemea ni mizizi mingapi imebaki, na hilo tutalijua tu kwa kuangalia. Matawi yaliyokufa hayatarudi, na mti unaweza kuishi miaka mingi ukiwa na kichwa kidogo kuliko alichokiacha baba. Piga picha leo ukiwa umesimama mahali pamoja unapopakumbuka, na ufunge uzi kwenye vitawi vitano unavyovifikia, kwenye ncha. Utakapochipua majani mapya, yale ya rangi ya shaba, pima urefu wa chipukizi kutoka kwenye uzi, kisha upime tena msimu utakaofuata. Yakirefuka na ukavu ukasimama ulipo, endelea hivyo hivyo. Ukavu ukishuka hadi kwenye matagaa makubwa misimu miwili mfululizo ilhali ardhi iko wazi na ina unyevu, niandikie tena, maana hapo itabidi tuzungumzie kuuangusha kwa usalama, na wapi pa kuotesha kokwa lake.